Kikundi cha Watoto wa Mzee Kibwana: pesa ya misheni na deni la Mama Abdu

ALHAMISI

Da Mwaju, 05:51
Asalaam aleikum ndugu zangu mmeamkaje. Naandika mapema kabla watu hawajaingia kwenye mihangaiko maana mkishashika kazi humu hajibu mtu. Mdogo wetu Hamisi muda wake wa misheni ya kulinda amani unaisha Aprili, inshallah anarudi toka Berberati huko Afrika ya Kati, na kabla hajarudi kuna mambo lazima tuyaweke sawa. La kwanza deni la kausha damu, hii mikopo ya riba kubwa, la wifi Mama Abdu mke wake, la pili nyumba ya Kibaha imekaa kwenye lenta miaka sasa mchwa wanaishi humo, la tatu pesa ya misheni isije ikapotea njia ile ile ya pesa ya misheni yake ya Darfur. Naomba kila mtu aseme neno lake halafu Jumapili saa 2 usiku tupigiane simu wote

Shangazi Tanga, 06:30
*Imesambazwa mara nyingi*
Ewe Mola mfungulie riziki kila atakayesoma dua hii na kuituma kwa watu 10 🤲🤲🌹

Da Mwaju, 06:33
Amin shangazi. Shikamoo. Na hilo la Hamisi umelisoma?

Ommy, 08:12
Jamani nani anitupie luku ya umeme ya elfu 5 nitarudisha mshahara ukiingia

Juni, 08:13
😂😂😂 Januari ina siku 90

Ommy, 08:13
Leo tarehe 74 bado 16

Juni, 08:15
Jirani yangu ameanza kufunga Ramadhani mapema eti anafanya mazoezi 😂

Da Mwaju, 08:40
Nimeandika jambo la maana watu mnaleta luku. Kadi ya benki ya Hamisi, ya mshahara, iko mkononi mwa mkopeshaji huko Mwenge pamoja na namba ya siri. Mnaelewa maana yake? Mshahara ukiingia anautoa yeye kwanza kisha ndo anampa Mama Abdu kinachobaki. Mtu yuko porini na bunduki analinda watu wa nchi nyingine, huku mshahara wake unapokelewa na mtu asiyemjua hata kwa sura

Juni, 08:52
Khaa. Hilo la kadi sikujua dada

Salma Mwanza, 10:05
Mi nilisikia juu juu tu. Ni shilingi ngapi hasa

Da Mwaju, 10:09
La kwanza alichukua laki 5, marejesho elfu 65 kila wiki kwa wiki 10. Akashindwa kati akachukua laki 3 kwa mwingine ili alipe la kwanza, halafu akaingia na mikopo ya kwenye simu

Juni, 10:31
Hesabu ya la kwanza peke yake, 65 mara 10 ni laki 6 na nusu. Yaani riba laki na nusu ndani ya miezi miwili na nusu. Benki Kuu ilishaweka kwamba hawa wakopeshaji wadogo riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa laki 5 ni 17,500 kwa mwezi, haifiki hata elfu 50 kwa muda wote huo. Na hiyo ya kwenye simu ajue ni kampuni gani kwa sababu Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zisizo na leseni ikazipiga marufuku. Kushika kadi na namba ya siri ya mtu nako hairuhusiwi. Huyo ukimuuliza leseni tu anaanza kutoa jasho

Da Mwaju, 10:33
Sasa huyo ndo mtu. Wengine mko wapi? Kaka Side naona umesoma

Kaka Side, 12:47
Nipo njiani. Mi naona mnakuza. Hamisi anarudi na hela ya maana, misheni ni dola 1,400 na kitu kwa mwezi mara 12 piga mwenyewe. Deni la laki 8 ni mboga. Tufikirie mradi wa kuzungusha, nina mtu anauza Hiace nzuri sana iko Mbagala haina shida ya injini

Salma Mwanza, 12:49
Hiace?

Salma Mwanza, 12:49
Hiace tena Side???

Ommy, 12:50
🍿

Juni, 12:55
Kaka Side hiyo dola 1,400 ni kiwango ambacho Umoja wa Mataifa unailipa serikali kwa kila askari, siyo anachopewa askari mkononi. Tusimpangie mtu hela ambayo hana. Na dola yenyewe iliteremka, ilikaribia 2,700 kati ya Aprili na Mei 2025, mwisho wa mwaka huo ikaenda 2,400 na kitu. Aliyepiga hesabu ya bati kwa bei ile ya dola ajue imepungua

Kaka Side, 13:01
Siku hizi kila mtoto ni mchumi

Salma Mwanza, 13:04
Usimkate kauli mtoto, jibu la Hiace. Ile ya kwanza ya pesa ya Darfur hesabu yake tuliiona wapi? Mama alikufa anauliza. Kila wiki ilikuwa springi, mara trafiki, mara dereva kakimbia, mpaka ikaja ikalala Mlandizi ikaota nyasi. Hamisi alirudi Darfur mwembamba kama ufito hajasema neno mpaka leo lakini sisi tunajua

Kaka Side, 13:06
Salma mambo ya Mlandizi usiyalete humu mbele ya wakwe

Salma Mwanza, 13:06
Nani kayaleta, ww ndo umeleta Hiace

Kaka Side, 13:09
*Ujumbe huu umefutwa*

Ommy, 13:10
Nimeuwahi kuusoma 😳

Da Mwaju, 13:15
BASI. Ya Mlandizi yana siku yake. Mi nasema hivi, mnamhesabia Hamisi kama vile misheni zipo kila mwaka. Hazipo. Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa walitangaza wanapunguza walinda amani robo nzima kwenye misheni 9 kwa sababu nchi kubwa hazitoi hela, na misheni ya Lebanoni muda wake umewekewa mwisho Desemba 2026. Kwa hiyo hii inawezekana ndo ya mwisho kwake. Na askari hastaafu miaka 60 kama mwalimu, anatoka mapema kwa cheo chake, siku hiyo kota ya jeshi unarudisha funguo. Abdu yuko darasa la tano. Mnaona ilivyo? Ndo maana nasisitiza deni liishe kwanza, nyumba ipauliwe, kinachobaki kiende mahali ambapo hata yeye mwenyewe akitaka kukichomoa kwa hasira kimchukue siku kadhaa

Juni, 13:40
Hapo UTT panafaa, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya serikali. Mfuko wa Ukwasi unaweka, ukihitaji unatoa ndani ya siku chache za kazi. Akiwa na ya kukaa muda mrefu kuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, unaanzia milioni 1, riba inaingia kila miezi 6 mpaka muda wake uishe na haikatwi kodi. Havina makelele. Hakuna springi wala trafiki 🤐

Ommy, 13:41
😂😂😂😂 Juni utapigwa

Da Mwaju, 13:44
Juni ulianza vizuri

Salma Mwanza, 14:20
Lakini si mishahara ya serikali ilipanda 35% Julai 2025 jamani hiyo nayo imeenda wapi

Juni, 14:26
Hiyo 35.1 ni kima cha chini, kutoka 370,000 kwenda 500,000. Waliokuwa juu ya hapo hawakupanda kiasi hicho. Watu wanasikia asilimia wanadhani kila mtu kapewa. Mi mwenyewe bodi ya mikopo wanakata 15% kabla sijaushika mshahara

Da Mwaju, 19:02
Haya. Mpaka sasa waliojibu la maana ni Juni na nusu ya Salma. Shangazi, Baba Mkubwa, Side, Zuhura, Mama Abdu, Bakari, nawaona wote mmesoma. Hamisi yeye bado tiki moja, mtandao kule ni wa kubahatisha

Mama Abdu, 23:38
Asalaam aleikum. Nimesoma tangu asubuhi nilikuwa natafuta moyo wa kuandika. Wifi Mwaju nakuheshimu sana kwa sababu ulinilea nilipoingia ukoo huu, lakini jambo la kadi nilikwambia wewe peke yako jikoni. Sasa limeshasomwa na watu 31.
Mnaulizana deni limetoka wapi na hamna aliyeniuliza. Ile laki 5 nilikopa mwezi wa 10. Ilikuwa harusi ya mtoto wa Salma. Kwenye kamati nilipangiwa laki 5 mkasema mume wake yuko misheni hawezi kutoa laki na nusu kama wengine ni aibu, na sare ya mashangazi juu yake. Nilisema sina nikaambiwa nitafute. Nikatafuta. Laki 3 ya pili ndo kulipia ya kwanza, na ya kwenye simu ni dawa za mama mkwe zile wiki za mwisho ambazo hazikupatikana hospitali nikaambiwa kanunue nje. Hamisi hajui ya kadi. Sikumwambia kwa sababu mtu akiwa kule akili yake haitakiwi kuwa huku, waliomtangulia walituambia hivyo. Sijanunua hata khanga. Usiku mwema

*(hakuna aliyejibu usiku huo)*

IJUMAA

Baba Mkubwa Morogoro, 06:04
Nimetoka msikitini nimesoma yote nimerudia mara mbili naomba mnisikilize siandiki mara kwa mara vidole vyenyewe hivi. Mimi nimetumikia jeshi kuanzia vita vya Kagera mpaka nimestaafu na nimekaa kota na mama yenu watoto sita najua njaa ya kota inavyofichwa nyuma ya pazia. Zamani kulikuwa na duka la kambini bei nafuu sukari mafuta hata bati tulijengea, mwaka 2016 ule msamaha wa kodi ukafutwa wakaweka posho na posho haijengi kama lile duka lilivyojenga. Kwa hiyo msifikiri mke wa askari ana njia ya siri ya kupata vitu hana. Kiinua mgongo changu mimi nilikipokea kikaja na ndugu kutoka kila upande nikagawa nikakopesha mwaka haujaisha nilikuwa napanga chumba Kihonda na makochi yamelala nje kwenye mvua na wote niliowakopesha wamo humu humu kwenye kikundi hiki sitaji mtu.
Nasema hivi. Pesa ya Hamisi haina kamati. Ni ya Hamisi na mkewe. Harusi ya Salma ilimpangia mwanamke wa watu laki tano bila mumewe kuwepo huko ni kumvua nguo na mimi nilikuwepo kwenye kile kikao nikanyamaza. Kadi ile irudi kwa mwenyewe kabla ya mshahara wa mwezi huu kuingia na Hamisi aambiwe na mkewe siyo na dada zake. Halafu kuna jambo hamjalitaja hata mmoja. Fomu ya warithi kikosini Hamisi aliijaza kabla hajaoa aliandika jina la mama yake. Mama yake tumemzika. Mliwaona wale askari wetu waliouawa Semuliki kule Kongo Desemba 2017 walivyorudi kwenye masanduku na bendera. Mimi nilikwenda kwa mzazi mmojawapo. Hilo ndilo la kuanza nalo akitia mguu nyumbani

Shangazi Tanga, 06:41
Shikamoo kaka. Umesema

Bakari, 06:50
🙏🏾

Zuhura, 06:52
🙏🏾🙏🏾

Salma Mwanza, 07:30
Shikamoo baba. Mama Abdu nitakupigia mchana. Mi nabeba laki moja na nusu ya ile laki 5, natuma leo jioni

Juni, 07:33
Mi elfu 50 mwisho wa mwezi, kweli kabisa kwa sasa sina kitu. Ila naweza kwenda Mwenge na shemeji, tuombe atuandikie deni lililobaki kwenye karatasi, tumuulize leseni yake kwa adabu tu. Na Hamisi akipatikana apige benki aisimamishe ile kadi, mwenye akaunti akiomba wanaifunga

Da Mwaju, 07:58
Marahaba... yaani shikamoo Baba Mkubwa. Nimekusikia. Mi natoa laki 2. Ya Kibaha na ya UTT nayaacha mezani kwao wenyewe wakitaka tutakaa nao. Jumapili simu ipo pale pale lakini tunaongelea deni tu. Side?

Ommy, 08:03
Mi nitachangia nauli ya kwenda Mwenge bodaboda yangu ipo bure kabisa

Juni, 08:04
Ina luku? 😂

Ommy, 08:04
Pumbavu 😂😂

Da Mwaju, 12:20
Side umesoma toka saa 2 asubuhi

Kaka Side, 15:47
Jumapili nina safari. Nitaona

Salma Mwanza, 15:48
Safari ya wapi

Baba Mkubwa Morogoro, 15:55
Salma muache. Mimi na Side tutaongea

Mama Abdu, 17:10
Ahsante baba, Mungu akupe umri. Salma nimepata laki moja, hiyo nusu haijaingia au ni mtandao. Juni kwenda Mwenge tufanye Jumatatu nikishaongea na mume wangu kwanza, jana tiki zilikuwa mbili usiku ila hajajibu. Shida yangu yule wa laki 3 mtu wake anapita kesho saa 4 asubuhi kuchukua marejesho na mara iliyopita alitaka kuondoka na friji mbele ya watoto. Hii laki ya Salma nimpe yeye au niishike kwa ajili ya kadi?

Juni, 17:13
Ishike

Salma Mwanza, 17:14
Mpe kidogo tu atulie

Da Mwaju, 17:14
Wifi usimpe mtu yeyote chochote bado, nakupigia sasahivi pokea