Miezi 14 nimeijenga kwa mikono yangu, halafu unaniuliza "Mwenge bei gani?"

Mwana wa Mwalimu:

Wakuu, naandika helmeti ikiwa bado kichwani. Sijala, sijaoga. Mke wangu ameniangalia usoni mara moja akarudi jikoni bila kuuliza.

Nimetoka pale ufukweni kwenye mkusanyiko wa mapikipiki. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye jaketi la ngozi la nyuzinyuzi kwenye jua hili la Februari, akipita anachuruzika maji kama amevuliwa sasa hivi na wavuvi wa Feri. Yule ambaye popote penye kipaza sauti hazipiti dakika 2 hajakishika. Mnamjua.

Na pikipiki yangu mnaijua, mliofuata uzi wangu wa mwaka jana. Honda CG125 ya marehemu mzee. Alikuwa mwalimu Mpwapwa, na juu ya tenki hilohilo alinibeba kunipeleka zahanati nikiwa natetemeka malaria. Ikalala bandani miaka 9, kuku wanatagia kwenye siti. Nikaileta Dar juu ya lori la alizeti.

Miezi 14, wakuu. Tenki nimelinyoosha kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, halina puti hata kijiko kimoja, anayebisha aje na sumaku. Fremu ya nyuma nimeikata, fundi wa Gerezani akakunja bomba nusu duara, akakunja mara 4 ndipo likakaa. Siti ya mtu mmoja yenye nundu. Vishikio nimevishusha vikabana kwenye shokapu za mbele, ukiikalia unalala kifudifudi kama wale vijana wa London wa miaka ya 1950 na 1960 waliokuwa wakikutana Ace Cafe. Spoki nimezisuka mwenyewe usiku, mtoto ananishikia tochi mpaka anasinzia amesimama. Rangi ni kijani cha chupa, na ubavuni mstari mwembamba wa dhahabu uliovutwa kwa brashi. Siyo stika.

Nimefika saa 3 asubuhi, nikapaki kwenye mstari wa pikipiki za kujengwa. Mzee mmoja, sharubu nyeupe kabisa, akapiga magoti kwenye mchanga kuangalia pale nilipounga fremu. Akapitisha kidole. Akasema, "Kijana, mkono wako umetulia." Nilitaka kulia.

Ndipo akaja yeye. Na kipaza sauti chake. Akasimama mbele ya pikipiki ya baba yangu, akaweka chupa yake ya soda JUU YA TENKI. Chupa ya baridi, inatoka jasho, juu ya mstari wa dhahabu. Akageukia watu. Akasema:

"Suka, Mwenge bei gani?"

Watu wakacheka. Spika zilikuwa 4. Nawaambia, meli zilizotia nanga kule nje zikisubiri zamu ya bandari zimesikia. Changu na kibua chini ya maji wamesikia. Mwenge bei gani! Halafu akamalizia kwamba boda wapaki nje ya kamba, ndani ni mapikipiki tu.

Na kabla hamjaanza: sijadharau boda. Kaka yangu wa damu ni boda, amesomesha watoto watatu kwa Boxer, na hela ya rimu za pikipiki hii ametoa yeye. Neno boda si tusi. Tusi ni kwamba hakuangalia! Macho yalikuwa nusu mita kutoka kwenye kazi ya miezi 14, na hakuinama. Kwenye mkusanyiko ule sote tunaenda kuinama. Unainama kwa mwenzako, unaona alivyopitisha waya, alivyoficha betri, unamuuliza, anakujibu, na yeye anakuja kuinama kwako. Kuna kazi nyingine kule?

Yake imetoka kiwandani vilevile ilivyo. Kila kinachong'aa kimekuja na boksi lake, kikafungwa na fundi yeye akiwa anakunywa supu. Hajui plagi inakaa wapi. Huyo ndiye wa kuniuliza mimi Mwenge bei gani?

Chupa imeacha duara. Nimesugua, halitoki.

Kobe wa Kimara:

Sasa ulimtajia bei gani?

Dogo wa Tegeta:

Uzi bila picha ni sawa na ubwabwa bila maharage. Weka picha ya tenki tuone hilo duara.

Kibiriti Ngoma:

Kutoka hapo mpaka Mwenge mimi nalipa 3,000. Akikupa 5,000 chukua, siku imeisha vizuri.

Mwana wa Mwalimu:

Sichukui abiria! Haina hata siti ya abiria! Someni kwanza.

Kobe wa Kimara:

Kwa hiyo angekaa kwenye nundu?

Fundi Spana:

Pole mkuu, ila tuseme ukweli kidogo. CG ilitoka 1976. Honda waliona waendeshaji wa nchi kama zetu oili hawabadilishi mpaka igeuke lami, wakaunda injini isiyo na cheni ya taimingi: kemshafti iko chini, inazungushwa kwa gia, vijiti viwili vinasukuma valvu. Wachina wakaipenda, wakainakili. Zile 125 nyingi za Kichina zilizoanza kubeba abiria mikoani zina injini hiyo. Angalia ubavuni utakuta 156FMI: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita. Nenda kapime ya kwako. Ni 56.5 kwa 49.5, hizohizo. Kwa hiyo jamaa kaongea kwa dharau, lakini kwa ukoo hajakosea sana.

Mwana wa Mwalimu:

Fundi, umeniuma na wewe. Hata kama ni ukoo mmoja, babu haitwi kwa jina la wajukuu. Na yeye hakujua hayo yote uliyoandika. Angejua ningemkumbatia. Hizo pikipiki za chopa anazozisujudia zilianza kwa watu maskini na misumeno: Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili vijana walichukua pikipiki za kawaida, wakakata madigadi, wakatupa kila kizito. Hakuna iliyozaliwa na nyuzinyuzi. Aliweka CHUPA, fundi. Juu ya tenki.

Mzazi Mpya:

Afadhali wewe chupa. Huyo huyo, au pacha wake, anapita mtaani kwetu saa 8 usiku na eksozi iliyotobolewa. Nina mtoto wa wiki 5. Nimemlaza kwa saa mbili, nimemwimbia mpaka nyimbo za kampeni, naondoa mkono taratibu mgongoni, ndio hapo: BUDU-BUDU… BUDU. Hata haipigi kwa mpangilio! Ingekuwa inapiga sawasawa mtoto angeizoea.

Fundi Spana:

Haiwezi kupiga sawasawa. Injini yake ina silinda mbili zilizoachana nyuzi 45 kama herufi V, na konrodi zote mbili zinashika pini moja ya kranki. Moto unapiga, kranki inazunguka nyuzi 315, unapiga tena, inazunguka 405. Ndio ile kuchechemea.

Mzazi Mpya:

Asante fundi. Nitamweleza mtoto.

Bi Klachi:

Nyie wanaume mna machungu madogo. Nimetoka Morogoro peke yangu, kilomita karibu 190, na DT125 ambayo kabureta nimefungua mwenyewe Chalinze kandokando ya malori. Nimefika, nimevua helmeti, mtu wa kwanza: "Karibu, shemeji yuko wapi?" Wa pili: "Ni ya shemeji hii?" Wa tatu kaniuliza nimepanda na nani. Siku nzima nimemtafuta huyo shemeji, sijamwona. Mnataka kuniambia kuhusu chupa?

Kibiriti Ngoma:

Shemeji hayupo? Naomba kujitokeza.

Bi Klachi:

Una pikipiki?

Kibiriti Ngoma:

Nina daladala. Yaani napanda.

Mjukuu wa Bibi:

Bi Klachi kasema kweli, na mimi nina la kwangu. Wale wanaokalia pikipiki ya mtu wapige picha bila kuomba. Mwaka juzi nimekuta familia nzima juu ya XL yangu, baba, mama, watoto, na mtu wa tano amebeba keki. Stendi ya pembeni imezama mchangani, chuma kimelala kama ng'ombe mgonjwa. Nikasogea, mama ananiambia, "Samahani kaka, tusogee kidogo tumalize picha."

Dogo wa Tegeta:

Weka ubao chini ya stendi, mchanga si lami.

Mjukuu wa Bibi:

Ubao ulikuwepo. Waliukalia.

Mwana wa Mwalimu:

Wakuu, turudi kwenye mada. Bi Klachi, pole sana dada yangu, ningekuona ningekuja kuinama kwenye hiyo DT. Lakini naomba mtu mmoja tu aliyekuwepo aseme alisikia. "Mwenge bei gani." Kwa kipaza sauti. Nasikia mpaka sasa, maji ya bomba yakidondoka yananiambia Mwenge, Mwenge.

Chuma Chakavu:

Nilikuwepo, nilisikia. Nilikuwa kwenye mihogo. Na niseme wazi: CG ile ya kijani ndiyo ilikuwa pikipiki bora pale. Nilizunguka mara 3. Ule mstari nani alikuvutia?

Mwana wa Mwalimu:

Mzee mmoja anayeandika vibao vya maduka Ilala. Alishusha pumzi, akaushika ukuta kwa mkono wa kushoto, akavuta mara moja. Hakurudia. Asante kaka. Asante sana.

Chuma Chakavu:

Karibu. Ila na mimi nina uchungu. Mnaiona mihogo ya siku hizi pale? Kipande kimekuwa chembamba kama spoki.

Kobe wa Kimara:

HAPO SASA. Na pilipili wameanza kuichuja na maji.

Mzazi Mpya:

Jumamosi nilinunua vipande vinne, kimoja kibichi katikati. Nimeuliza, ananiambia ndivyo kinavyoliwa.

Bi Klachi:

Yule mama wa upande wa kushoto ukiwa unatazama bahari bado ana kachumbari ya ukwaju. Wengine wote wamekufa moyo.

Kibiriti Ngoma:

Kushoto nikitazama bahari au nikitazama barabara?

Bi Klachi:

Bahari.

Dogo wa Tegeta:

Natoka Tegeta sasa hivi. Anafunga saa ngapi?