Chandarua tunalalia na homa haziishi, mtaa tuanzie wapi?

mpangaji_tabata: Wakuu habarini. Huku kwetu Tabata toka mvua zianze watu wanaanguka tu, homa kali, macho yanauma kwa ndani, viungo ndo usiseme, ukipima malaria hamna. Jirani kapimwa kaambiwa dengue. Mjumbe kaitisha kikao jumapili, kuna wanaotaka tuchange vyandarua vipya na wengine wanataka mtaa mzima upigwe dawa. Hela iende wapi?

binti_makunduchi: Msichange kwanza. Mbu wa dengue anauma mchana, asubuhi na jioni ndo balaa, chandarua cha usiku kinakukinga zaidi na malaria (msikiache lakini, na mtoto akilala mchana mfunikeni). Huyu hazalii kwenye mtaro mchafu, anataka maji yaliyotulia kwenye ndoo, kopo, kifuu, kisahani cha chini ya maua. Hapo hamna fundi tairi?

mpangaji_tabata: Yupo, ana rundo la tairi kuukuu barabarani, tena fremu ni ya mjumbe mwenyewe 😂

kaka_gereji: Hahaa jibu unalo. Tairi zitolewe au ziwekwe chini ya bati zisilowe. Halafu mapipa, najua mgao wa maji ndo unafanya kila nyumba ijaze, sasa yafunikwe kabisa na kila wiki myasugue kwa brashi, kumwaga tu haitoshi maana mayai yananata ukutani juu kidogo ya maji na yanakaa makavu miezi, yakipata maji yanaanguliwa, ndani ya siku kumi hivi una mbu wapya. Hiyo dawa ya kupuliza inaua wanaoruka siku hiyo, keshokutwa wanazaliwa wengine.

mama_wawili: Na vyoo vya shimo je??

binti_makunduchi: Huyo mbu mwingine dada, wa matende na mabusha. Kwetu Makunduchi, Zanzibar, miaka ya 80 mwishoni walimwaga vipunje vya polisterini (ile plastiki nyepesi kama povu) chooni, vikaelea vikafunika maji, viluwiluwi wakakosa pumzi.

nesi_zamu: Naongezea, mgonjwa apewe panadol na maji mengi, msimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoa damu hospitali haraka, hata kama homa imeshuka, maana hapo ndo wengi wanazidiwa.

mpangaji_tabata: Shukrani wakuu. Sasa mjumbe anaambiwa na nani?

kaka_gereji: Mchagueni mwenyekiti wa kamati ya tairi 😂