Wakuu, msaada wa haraka: kombora la waya, mpigaji anaweza kufyatua akakimbia?

Mzee_Ukwaju: Kombora la Kirusi, Malyutka, lile Wamisri walilopigia vifaru vya Waisraeli kule Sinai Oktoba 1973: likishatoka si linakwenda lenyewe? Nahitaji jibu kabla ya kesho adhuhuri.

FundiRedio: Haliendi lenyewe mkuu. Linaacha waya mwembamba nyuma, amri zinapita humo. Mpigaji yuko kwenye darubini, anaufuata moto wa mkiani na kifaru kwa pamoja, mkononi ana kijiti. Kufika mita 3000 ni kama sekunde 25, na hang'oki. Chini ya mita 500 halifai, anakuwa hajapata muda wa kulidhibiti. Waisraeli waliposhtuka wakawa wanamimina risasi alikodhaniwa yuko. Akijikunyata tu, kombora limepotea.

Kungwi_Mstaafu: Mwanangu, mtu mwenye familia anauliza mabomu saa sita usiku? Marehemu mume wangu alianza hivihivi na mieleka.

Mzee_Ukwaju: Shikamoo mama. Ni ubishi tu na shemeji.

Dogo_Forodhani: Ubishi hauna saa ya mwisho. Mmeweka shilingi ngapi?

Mzee_Ukwaju: Laki tatu. Ni hela ya kikoba cha mama watoto, nitairudisha. Na sijashindwa! Mpigaji anaruhusiwa kukaa hadi mita 15 kando ya kombora. Hiyo siyo kukimbia?

FundiRedio: Hiyo ni kujificha. Waya bado unamtegemea.

Mzee_Ukwaju: Basi kombora la TOW la Wamarekani. Pale unalenga tu.

FundiRedio: Unalenga mpaka lifike. Mtambo unaiona taa ya mkiani na kulisahihisha wenyewe, ila alama ya darubini isipobaki juu ya kifaru umekosa. Halafu mlibishania Malyutka, usihamishe goli.

Kaka_Tabata: Mimi niliweka pikipiki kwenye dabi. Napanda daladala hadi leo.

Kungwi_Mstaafu: Rudisha hela ya watu kabla hakujapambazuka.

Dogo_Forodhani: Subirini. Si huyu aliyekuja na uzi wa shemeji na nyambizi? Laki tatu zilezile, kikoba kilekile! Hii chai.

Mzee_Ukwaju: Yule alikuwa shemeji mwingine.

Kaka_Tabata: 😂😂 Una mashemeji wangapi?

FundiRedio: Kwenye nyambizi uliuliza nini? Maana topedo, yale mabomu yanayokwenda chini ya maji, nyingi nazo zinaongozwa kwa waya.