Mjadala: Fedha za miradi ya taka Kigoma zigawiwe kwa kuhesabu hataza?

Mdau wa Mwandiga: Pendekezo ni mashine isome hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, ionyeshe ubunifu wa uchumi mzunguko (kutumia tena badala ya kutupa) uko wapi, fedha zifuate huko. Naafiki. Hataza ni mamilioni, nani atazisoma kwa macho? Kuifundisha mashine, chukua Y02W 30, alama ya kupanga hataza za taka ngumu na urejelezaji wake, iwe mifano ya ndiyo. Mifano ya hapana itoke madaraja jirani, C10L ya nishati na B29B ya plastiki. Ukiitoa kwenye simu na dawa, modeli itafaulu majaribio na kuanguka kazini.

Kasulu Kwetu: Ukiifundisha kwa Y02W itaiga tu walioibandika alama hiyo. Kifaa kilichoundwa kifunguke kirahisi kitengenezwe upya hakimo kwenye taka, kitapotea. Kutafuta kwa maneno ndiyo balaa zaidi: injini ya dizeli inayorudisha moshi wake kwenye silinda inahesabiwa urejelezaji! Watu wawili wasome madai (sehemu inayotaja kinacholindwa) ya hataza mia kadhaa, kila mmoja kivyake. Wakipishana sana, fasili yenu ndiyo mbovu. Halafu ombi la hataza hukaa miezi 12 bila kuchapishwa, ramani yenu ni ya juzi.

Mdau wa Mwandiga: Ni 18, mkuu. Hiyo 12 ni ya kudai kipaumbele, yaani kuomba nchi nyingine kwa tarehe ya ombi la kwanza. Na Kigoma isipoonekana ni haki, mkaa wenu wa maganda ya mise (kokwa za michikichi) ni wa kuiga tu.

Bibi Mawese: Wa kuiga? Ganda la mise ni gumu kuliko pumba, usipolichoma hadi ndani kinu hakilisagi. Funga pipa moshi mzito ukiisha. Ukichelewa unapata jivu. Chekecha, kisha gandisha kwa uji wa muhogo ulioiva, kilo 5 hadi 10 za unga kwa kilo 100 za vumbi la mkaa. Uji mbichi haushiki, tofali la mkaa linamomonyoka. Ukizidisha linatoa moshi na kuota ukungu. Haya yamo kwenye hataza gani?

Mwanga Sokoni: Unga wa muhogo ni chakula, dada. Udongo wa mfinyanzi unatosha.

Bibi Mawese: Udongo hauungui! Kila kilo unayoongeza ni kilo ya jivu jikoni kwa mteja, na joto linashuka.

Mwanga Sokoni: Lakini tofali linakaa na moto muda mrefu. Wapika maharage wanautaka huo huo.

Kasulu Kwetu: Mdau, usikwepe. Sheria yetu ya hataza ina cheti cha ubunifu mdogo: kinataka upya na matumizi ya kiwanda, hakidai hatua ya kivumbuzi, yaani jambo lisilo wazi kwa fundi wa fani hiyo. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wanapokea. Mashine yako inavisoma vyeti hivyo?

Mdau wa Mwandiga: Vikiwekwa kwenye kanzidata itavisoma. Wapeleke maombi kwanza, tena kabla ya kuuza hadharani, upya usipotee.

Bibi Mawese: Maombi yanalipiwa. Na huyo wa udongo aseme kwanza anaweka kilo ngapi.