Ruzuku ya mtoto mwenye ulemavu imeidhinishwa ikiwa imebakisha mwezi mmoja kuisha: huu ni msaada au ni mzaha?

Wanajukwaa, asalaam aleikum.

Mimi ni mlezi. Huu ni mwaka wa sita naendesha kituo kidogo cha kulelea watoto katika nyumba tuliyorithi kwa marehemu baba, mtaa wa Langoni, hapa mjini Lamu, ambako kina mama huniachia watoto wao alfajiri wakaenda kutafuta riziki. Nina watoto 14, na watatu kati yao wana ulemavu. Nimenyamaza tangu mwezi wa Juni nikidhani kwamba jambo hili litarekebishwa kwa maneno ya staha, nikaja kutambua kuwa staha yangu imechukuliwa kuwa ni ujinga. Mfuko wa ruzuku za malezi ninaoulalamikia sitautaja jina, kwa sababu bado kuna watoto wanaoutegemea, lakini waliowahi kupita katika milango yake watautambua kwa vitendo vyake.

Utaratibu wao, kwa maandishi, ni mzuri. Kwa mtoto asiye na ulemavu wa familia isiyojiweza, mfuko humlipa mlezi shilingi 1,500 kwa mwezi, na mzazi hujazia shilingi 1,000. Kwa mtoto mwenye ulemavu kuna kiwango cha juu, yaani nyongeza ya shilingi 4,500, ili mlezi aweze kuajiri mtu wa pili. Nyongeza hiyo haitolewi mpaka kamati iidhinishe, na kamati haiketi mpaka ipate barua ya daktari, ripoti ya tathmini, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi na maelezo ya mlezi kuhusu kazi ya ziada anayoifanya. Hayo yote niliyatimiza kwa watoto wote watatu. Mmoja wao mama yake alilazimika kumpeleka hadi Malindi kwa ajili ya ripoti hiyo, akavuka kwa mashua hadi Mokowe, kisha akapanda basi kwa zaidi ya kilomita 200 huku amempakata mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe. Nauli aliikopa.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kuhusu tarehe, kwa maana dhuluma yenyewe imejificha ndani ya tarehe.

Maombi ya watoto wote watatu niliyawasilisha tarehe 9 Januari, yakagongwa muhuri mbele yangu, na nikaambiwa kwamba majibu hayatazidi siku 30. Kwa kuliamini neno hilo nilimwajiri msaidizi mwezi huo huo kwa mshahara wa shilingi 9,000. Mwezi wa Machi niliitwa, nikaambiwa kuwa barua za daktari zimepitisha miezi mitatu na kwa hiyo zimeisha nguvu. Barua hizo ziliandikwa Desemba. Ziliisha nguvu zikiwa juu ya meza yao, si yangu. Tukatafuta nyingine. Tarehe 4 Juni ndipo nilipopewa jibu la mtoto wa kwanza, msichana wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo, na jibu lilikuwa kwamba ameidhinishiwa nusu ya nyongeza, shilingi 2,250, kwa muda wa miezi sita kuanzia tarehe 9 Januari hadi tarehe 8 Julai. Nikashukuru Mungu, nikauliza malimbikizo ya tangu Januari yatalipwa lini. Karani akaniambia kwamba malipo huanza siku ya kuidhinishwa, si siku ya maombi. Kwa hiyo muda unahesabiwa tangu Januari, lakini fedha zinahesabiwa tangu Juni! Na chini ya barua hiyo hiyo kuna sharti kwamba anayetaka kuongezewa muda aombe si chini ya siku 60 kabla ya tarehe ya mwisho. Siku 60 kabla ya tarehe 8 Julai ni tarehe 9 Mei. Nilitakiwa niombe kuongezewa kitu ambacho nilikuwa bado sijapewa.

Huenda hayo mtayaita uzembe wa makaratasi. Sababu ya kumpa nusu badala ya kiwango kamili ndiyo iliyoninyima usingizi. Imeandikwa kwamba, kwa kuwa mtoto hatembei, hahitaji mtu wa kumfuatafuata, na hivyo mzigo wa usimamizi ni mdogo kuliko wa mtoto anayekimbia.

Ningependa aliyeandika sentensi hiyo aje anilishie mtoto huyu uji mara moja tu. Mtoto huyu hawezi kuishikilia shingo yake, na misuli ya koo lake haifanyi kazi kwa mpangilio, kwa hiyo hawekwi chini akapewa kikombe kama wenzake. Huketishwa katika kiti cha pembe, yaani kiti chenye egemeo la kona linalomshikilia mgongo na mbavu, ambacho nilitengenezewa na fundi mmoja wa milango ya nakshi kwa mabaki ya mbao zake bila kunitoza hata senti (Mungu amzidishie), kisha kidevu hushikwa, kijiko huingizwa kidogo, na hungojwa mpaka ameze kabisa ndipo kiingie cha pili. Uji ukiwa mwepesi mno humpalia, na kinachompalia mtoto wa namna hii huweza kushuka mapafuni kikamletea homa ya mapafu. Sahani moja huchukua karibu saa nzima, na wakati huo mikono miwili ya mtu mzima haina nafasi ya kumgusa mtoto mwingine yeyote. Anakula mara tatu. Baina ya milo hugeuzwa upande ili asipate vidonda, hunyooshwa viungo kama tulivyofundishwa na mtaalamu wa viungo, na hubadilishwa nepi. Ngazi za nyumba za Lamu mnazijua na vichochoro vyetu mnavijua, kwa hiyo kiti cha magurudumu kwetu ni pambo, hubebwa. Kwa kamati, mtoto asiyekimbia ni mtoto mwepesi.

Mtoto wa pili ni mvulana wa miaka mitano mwenye kifafa. Huyu alikataliwa moja kwa moja, kwa hoja kwamba siku alipotazamwa na mjumbe wa kamati alionekana mchangamfu na hakupata kifafa. Tufanyeje, tukiweke kifafa miadi? Mtoto mwenye kifafa halindwi kwa sababu anaanguka kila saa, bali kwa sababu hakuna ajuaye ni saa ipi ataanguka, na saa hiyo lazima pawe na mtu wa kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, kutomtia kitu chochote mdomoni na kuhesabu dakika, kwa kuwa kikipita dakika tano mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Hospitali hakukimbizwi kwa gari hapa kwetu. Mtu mmoja hubeba mtoto, na mwingine lazima abaki na wale 13.

Mtoto wa tatu, kiziwi, jibu lake halijatoka hadi ninapoandika.

Mwisho wa Mei sikuwa tena na uwezo wa kumlipa msaidizi. Nilikuwa nimeshatoa shilingi 45,000 kutoka mfukoni mwangu na katika akiba ya upatu wa mtaani, na yeye ana watoto wake, akapata kazi ya kufua katika nyumba ya wageni huko Shela, akaenda. Simlaumu. Jambo ambalo sikulitaka ndilo nililolifanya baada yake: nilimwita mama wa yule msichana barazani nikamwambia kwamba siwezi kumpokea mwanawe mpaka nipate mtu. Hakulia wala hakunilaumu. Alisema tu, “Haya, mwalimu,” akamfunga mtoto mgongoni kwa leso. Kazi ameacha. Wenye kujua hali za mitaani mwetu wanajua mtoto kama huyo huishia wapi mama anapolazimika kutoka kidogo kwenda kutafuta: huishia kufungiwa chumbani, kisha jamii ikamsema mama kuwa ni katili.

Najua atatokea mtu hapa aniambie kwamba serikali tayari hutoa fedha za Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa. Ni kweli, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa familia zilizobahatika kuandikishwa. Nepi nne kwa siku, shilingi 25 kila moja, kwa siku 30 ni shilingi 3,000. Tuendelee.

Wengine wataniambia kwamba msaada ni hisani na hisani haidaiwi. Hapo ndipo ninapopinga kabisa. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 hakimwiti mtu mwenye ulemavu mwombaji. Kinampa haki ya kutendewa kwa heshima na ya kufikia taasisi na huduma. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wa haki na wenye kueleza sababu kwa maandishi, na Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza haikuwabana watumishi wa serikali peke yao, bali na vyombo visivyo vya serikali pia. Isitoshe, Jedwali la Nne la Katiba limeziwekea kaunti zote, katika fungu moja na elimu ya chekechea, jukumu la vituo vya kulelea watoto. Madarasa ya chekechea tumeyaona yakijengwa, na wanaoyafungua tumewaona wakipigwa picha. Fungu la malezi, lililoandikwa katika mstari ule ule, limeachiwa wafadhili na huruma zao.

Shemeji yangu anayeishi Ohio, Marekani, amenieleza kwamba katika mpango wa serikali kuu ya huko wa kusaidia ada za malezi, sheria iliyofanywa upya mwaka 2014 inataka familia ikishakubaliwa isihojiwe upya kabla ya miezi 12, na kwamba ingawa msaada kwa kawaida hukoma mtoto atimizapo miaka 13, majimbo yanaruhusiwa kuuendeleza mpaka kabla ya miaka 19 kwa mtoto asiyeweza kujihudumia. Sisemi kwamba kwao ni peponi. Huko nako watu hupanga foleni ndefu. Nasema kwamba kuna watu walioketi wakatambua kuwa mtindio wa ubongo si mafua. Haujapona baina ya Desemba na Machi, wala hautapona baina ya Januari na Julai, na kumtaka mama avuke bahari kila baada ya miezi michache kuthibitisha kwamba mwanawe bado hajainuka akatembea ni kumdhihaki.

Ninachokitaka kwa mfuko huo nimekiandika katika barua niliyoipeleka Jumatatu, nayo imegongwa muhuri. Nimetaka malipo yaanze siku ile ile muda unapoanza kuhesabiwa. Nimetaka kiwango kipimwe kwa saa za mikono ambazo mtoto anazihitaji kwa siku, na kipimo hicho kifanywe na mtu aliyeshinda naye tangu uji wa asubuhi hadi mama anaporudi, si kwa jina la ugonjwa wala kwa ziara ya robo saa. Na nimetaka sababu za kumkataa yule mvulana kwa maandishi, zikiwa na sahihi ya aliyeamua.

Walezi wenzangu wa Lamu, Malindi na kwingineko mliowahi kupewa idhini ya namna hii iliyoanza kuisha kabla haijatoka, wekeni tarehe zenu hapa, ya kuomba na ya kujibiwa, bila kutaja majina ya watoto. Nataka kuziambatisha zote katika barua ya pili.