Wakuu, meneja kazi yake hasa ni nini? Nimepandishwa cheo na nimekwama

Mpakiaji_Zamani:
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Miezi miwili iliyopita nilitolewa kwenye upakiaji nikawekwa kuwa meneja wa stoo, nina watu 9 chini yangu. Upakiaji niliuweza, oda zangu zilikuwa hazirudi, nadhani ndo maana wakanichagua. Sasa kila siku nafika wa kwanza naondoka wa mwisho, napokea simu, nahesabu mzigo, nikiona mtu anasuasua namnyang'anya kazi namalizia mwenyewe, halafu jioni nikijiuliza leo nimefanya nini kama meneja sina jibu.

Juzi ndo niliumia. Gari ya mzigo ilikaa getini zaidi ya saa nzima, dereva kalala kwenye usukani, inasubiri sahihi yangu tu kwenye karatasi ya kutolea mzigo, na mimi niko nyuma ya rafu za mwisho nabandika lebo kwenye maboksi, simu nimeiacha mezani. Bosi hata hakufoka, aliniuliza tu, "wakati huo stoo ilikuwa inasimamiwa na nani?" Sijasomea biashara, naomba mtu anieleweshe kwa lugha nyepesi.

Mwalimu wa Jioni:
Pole ndugu, na hongera kwa cheo. Hili swali ni la zamani. Kuna Mfaransa anaitwa Henri Fayol, injinia wa migodi, mwaka 1888 alipewa kampuni ya madini iliyokuwa inakaribia kufilisika akainyanyua, akaiongoza mpaka 1918. Kwa hiyo aliyoyaandika mwaka 1916 aliyaona kwa macho yake. Alisema kazi ya uongozi ina mambo matano: kupanga, kuandaa watu na vifaa, kuamuru, kuoanisha kazi za watu tofauti zisigongane, na kudhibiti. Siku hizi wengi wanafundisha manne, kupanga, kuandaa, kuongoza na kudhibiti.

Hilo la kudhibiti, watu hulielewa vibaya wakadhani ni ukali. Ni kulinganisha tu ulichopanga na kilichotokea, ukiona tofauti unauliza kwa nini halafu unarekebisha. Sasa kwako, ile sahihi ni shida ya kuandaa. Mzigo mzima ulikuwa unapita kwenye mkono wa mtu mmoja na huyo mtu akiwa hayupo hakuna aliyepangwa badala yake.

Nimepitia Humo:
Mwalimu kaeleza vizuri ila naongeza, maana mtu akisoma hayo manne anaweza kudhani asubuhi unapanga, mchana unaongoza, jioni unadhibiti. Haiko hivyo kabisa. Kuna Mkanada anaitwa Henry Mintzberg, alikaa na wakurugenzi wakuu watano akawa anaandika kila wanachofanya, kitabu kikatoka 1973, akakuta siku yao ni vipande vipande, karibu nusu ya shughuli zao hazifiki hata dakika 9. Simu, mtu kaingia mlangoni, karatasi, kikao, tena simu. Kwa hiyo kukatizwa katizwa usijilaumu, hiyo ni kazi yenyewe.

Cha kujilaumu ni hicho cha kunyang'anya watu kazi. Nilikuwa na ugonjwa huo huo mwaka mzima. Ukimmalizia mtu kazi leo, kesho atasuasua pale pale kwa sababu hajui alikosea wapi, na wewe umepoteza nusu saa ya kuiona stoo nzima, kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kukufanyia. Kasimu madaraka. Chagua mtu mmoja, mfundishe kukagua karatasi, mpe ruhusa ya kusaini ukiwa mbali, na watu wote wajue kwamba ana ruhusa hiyo. Ila akikosea bado bosi atakuuliza wewe, madaraka unayagawa lakini kuwajibika kunabaki kwako, hapo ndo pana uzito wa cheo.

Niko_Chini:
Mimi si meneja, mimi ni wa kusimamiwa. Meneja wangu wa zamani alikuwa anakuja ananitoa boksi mkononi bila kusema neno anafunga upya. Hakunitukana hata siku moja, lakini mimi nilikuwa narudi nyumbani najiona sifai. Ndugu, muulize huyo mtu kwanza nini kinamchelewesha. Mimi shida yangu ilikuwa mkasi mmoja tunagombania watu watatu.

Mama Hesabu:
Naunga mkono ila sikubaliani na wanaosema meneja asiguse kazi kabisa. Siku mzigo umefurika vua koti mwanangu, saidia, watu watakuheshimu. Tatizo ni ukijificha huko kwa sababu ndiko unakojua. Halafu kila asubuhi uwe na namba tatu: oda zilizoingia, zilizotoka, zilizorudi. Ukizijua hizo utajua leo uende kusimama wapi.

Mpakiaji_Zamani:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mama Hesabu umenigusa pabaya, ni kweli kule nyuma ya rafu najisikia salama. Leo nimemfundisha mmoja kukagua karatasi, magari mawili yametoka kwa sahihi yake mimi niko kikaoni. Na yule ninayesema anasuasua nimemuuliza, kumbe orodha anayopewa imepangwa kwa tarehe ya oda wakati mzigo rafuni umepangwa kwa namba, anazunguka stoo nzima mara nne kwa oda moja! Miezi miwili namwona mvivu.

Swali moja tu, huyu tulianza kazi siku moja. Namwombaje radhi bila watu kuona nampendelea?

Niko_Chini:
Mwite pembeni umwombe, maneno mawili yanatosha. Halafu hiyo orodha irekebishwe kwa watu wote, isiwe kwa ajili yake peke yake.