Mrejesho: Ile apatimenti ya Kigamboni, nimeshahamia

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama nilipe kodi ya miezi 6 kwa apatimenti ya vyumba viwili Kigamboni, hapa Dar, au nibaki Kinondoni. Asanteni sana mlionisisitiza nirudi kuiona mchana na nifungue kila bomba.

Nilirudi. Maji yalitoka kwa nguvu, nikayaonja: chumvi tupu, ni ya kisima. Shawa imeshika ukoko mweupe, na nondo za dirisha la upande wa bahari zimeliwa na kutu hadi zinabanduka kwa kidole. Dalali hakutaja hata moja. Nikaomba kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, mama mtu mzima, muungwana kweli. Alikubali miezi 3, akabadilisha nondo kabla sijahamia, na Luku (mita ya umeme) ni yangu peke yangu. Yote yameandikwa kwenye mkataba, nakala mbili, mbele ya mjumbe wa mtaa. Dalali nilimpa malipo yake, sawa na kodi ya mwezi mmoja, hiyo haikwepeki.

Maji ya kunywa nanunua. Kazini ni Posta, katikati ya jiji, navuka na pantoni; asubuhi foleni inachosha. Lakini upepo wa jioni, jamani! Wiki nzima nimelala bila feni.